Kulea Mtoto wa Bosi Uarabuni Bila Kugombana na Mama Yake: Mwongozo Kamili kwa Dada wa Kazi

Kaa na wadada waliorudi kutoka Muscat, Dubai au Riyadh uwasikilize. Habari za sakafu na vyombo huisha haraka, ila habari ya mtoto haiishi. Mtoto hakula, nikalaumiwa mimi. Mtoto alianguka mama yake akiwa kwenye simu, nikalaumiwa mimi. Nilimkataza, akalia, bibi yake akanitukana. Alianza kuniita mama, na tangu siku hiyo madam hakuniangalia kwa jicho zuri.

Mwongozo huu nauandika kwa dada anayekwenda, au aliyekwishafika, kwenye nyumba ya watu wenye uwezo huko Ghuba, ambaye mkataba wake unasema usafi lakini kutwa nzima yuko na watoto. Ninachokiamini ni kwamba ugomvi mwingi wa malezi unatokana na swali moja ambalo halikuulizwa mapema: nani mwenye kauli? Mtoto ni wao. Mikono inayomlisha, kumwogesha na kumlaza ni yako. Kwa hiyo shika kanuni hii tangu mwanzo: kwenye mila za nyumba, fuata hata kama kwenu hamfanyi hivyo, kwenye hatari ya mtoto, kataa hata kama aliyekuagiza ni mwenye nyumba.

Hatua ya 1: Uliza habari za watoto kabla ya kusaini

Pitia kwa wakala aliyesajiliwa. Kwa Tanzania bara uliza TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kwa Kenya angalia orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Hilo wengi wanalijua. Wasilolifanya ni kumuuliza wakala kuhusu watoto, na wakala hatakuambia usipomuuliza.

Uliza watoto ni wangapi na wana umri gani. Uliza kama kuna mtoto mchanga, na usiku analala na nani. Kuna mwenye maradhi au ulemavu anayehitaji kubebwa? Kuna dada mwingine, au ni wewe peke yako kwenye nyumba ya ghorofa mbili? Bibi anaishi hapo hapo? Kuna bwawa la kuogelea? Majibu yaje kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa WhatsApp, na usiufute.

Swali la usiku ndilo zito kuliko yote. Falme za Kiarabu, kwa sheria ya wafanyakazi wa nyumbani ya 2022, zinakupa siku moja ya mapumziko kila wiki na saa 12 za kupumzika kwa siku, 8 kati yake zikiwa mfululizo. Qatar, kwa Sheria Na. 15 ya 2017, kazi isizidi saa 10 kwa siku. Kuwait, kwa Sheria Na. 68 ya 2015, isizidi saa 12. Sasa dada anayelala na mtoto wa miezi minne anaamka mara tatu au nne usiku, na alfajiri anatakiwa kuandaa wa shule. Saa zake 8 mfululizo zimekwenda wapi? Mtu aliyekosa usingizi wiki mbili ndiye anayemwangusha mtoto bafuni. Hili lizungumze ukiwa bado kwenu, ukiwa na nguvu ya kusema hapana.

Hatua ya 2: Wiki ya kwanza, mjue mwenye kauli

Nyumba kubwa ina mabosi wengi. Baba anasema mtoto asipewe soda, shangazi anampa. Mama anasema alale saa mbili usiku, bibi anamwita sebuleni aonyeshwe wageni. Ukimtii kila mmoja utakosana na wote.

Siku ya pili au ya tatu, ukimkuta madam ametulia, mwambie: “Madam, nataka kumlea mtoto unavyotaka wewe. Bibi akiniambia hivi na wewe ukaniambia vile, nimfuate nani?” Kama Kiarabu chako bado, andika swali kwenye programu ya kutafsiri umwonyeshe. Usiulize mbele ya bibi mwenyewe. Jibu utakalopewa litakuokoa mara nyingi, maana utaweza kusema kwa heshima, “Madam ameniagiza hivi, tafadhali zungumza naye.”

Kwenye kikao hicho hicho uliza mambo ambayo kila mama ana msimamo nayo: chakula gani ni mwiko, analala saa ngapi, kishikwambi anapewa muda gani, dawa nani anatoa, akikosea anaadhibiwa vipi na nani, nani anaruhusiwa kumchukua shuleni au kwenye basi. Andika majibu.

Kama umeangukia Muscat kwenye familia iliyotoka Zanzibar, mambo yanaweza kuwa mepesi kidogo. Waomani wengi wenye asili ya Afrika Mashariki walirudi baada ya mapinduzi ya 1964 na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka 1970, na wazee wao bado wanasema Kiswahili. Bibi akiitikia shikamoo yako, umepata mtu wa kukufasiria. Ila usichukulie kuwa mnaelewana Kiswahili basi mnaelewana malezi. Na maneno unayosema jikoni kwa simu sasa yanasikika.

Hatua ya 3: Weka daftari la mtoto

Daftari dogo la shule linatosha. Kila siku andika alichokula, alivyolala, choo, homa, kuanguka, dawa. Mfano:

Jumanne. 07:00 maziwa, amemaliza. 11:30 ameanguka ngazi ya chini, goti limechubuka, nimempigia madam 11:35. 13:00 wali kidogo. 15:00 joto 38.2, nimemwambia madam, dawa katoa mwenyewe 15:20.

Andika saa kwa tarakimu, tena kwa mtindo wa saa 24. Saa zetu za Kiswahili na zao hazilingani: ukimwambia kuwa dawa imetolewa saa mbili ukimaanisha asubuhi, yeye ataelewa saa nane mchana, na mtoto anaweza kupewa dozi ya pili kwa wakati usio sahihi. Ukizungumza, onyesha kwa saa ya simu.

Daftari hili linamtuliza mama aliyeko kazini, na linakukinga wewe siku ukiulizwa goti lilichubukaje. Kila asubuhi unapomwogesha mtoto, angalia mwili wake. Ukikuta alama usiyoijua, mwite madam aione muda huo huo.

Jifunze pia maneno machache ya haraka ya Kiarabu: tah (ameanguka), yaawir (inauma), harara (homa), mustashfa (hospitali). Namba ya dharura Oman ni 9999 kwa kila kitu. Falme za Kiarabu, polisi ni 999 na gari la wagonjwa ni 998. Ziweke kwenye simu na zibandike jikoni.

Hatua ya 4: Mila za nyumba, zifuate

Kwetu mtoto wa miaka mitano anakula mwenyewe, akishiba anaondoa sahani yake. Pale unaweza kukuta mtoto wa miaka sita analishwa kijiko kwa kijiko huku katuni inacheza. Utaona ni kumdekeza, na pengine ni kweli. Lakini ni nyumba yao. Ukianza kumwambia madam kwamba mwanawe hana adabu, umeshaingia pasipo pako.

Kuna njia ya kumsaidia mtoto bila kugombana. Mpe kazi ndogo kama mchezo: aokote midoli huku mnahesabu, avae viatu kabla wimbo haujaisha. Mwache madam aone matokeo. Hakuna mama anayekasirika akiona mwanawe amevaa viatu mwenyewe.

Kwenye kishikwambi mgongano ni wa kila siku. Shirika la Afya Duniani lilishauri 2019 kwamba mtoto chini ya mwaka mmoja asionyeshwe kioo cha simu, kishikwambi wala runinga kabisa, na wa miaka miwili hadi minne usizidi saa moja kwa siku. Tatizo ni kwamba una pasi, una jiko, na mtoto analia, kwa hiyo kishikwambi ndicho kinachomnyamazisha. Halafu jioni unalaumiwa kwa kumlewesha YouTube. Mwambie madam ukweli mapema: “Nikiwa peke yangu na kazi ya jikoni, itabidi aangalie. Nipangie ni kazi gani iahirishwe nikae naye.” Achague yeye.

Mtoto kupakwa tende iliyolainishwa kinywani siku ya kuzaliwa, kusomewa, kufukizwa ubani chumbani, hayo si yako kuyajadili. Hakikisha tu chetezo hakipo karibu na kitanda.

Hatua ya 5: Mtoto anapokukaidi au kukupiga

Chukua mfano huu. Mtoto wa miaka minne amesukuma sahani ya wali na kuku hadi ikamwagika kwenye zulia. Ukiinama kuokota, anakuzaba kofi la shavu na kucheka. Nusu saa kabla, shangazi yake alimpa chipsi na juisi.

Mkono wako usiinuke. Hata kibao kidogo cha tako, hata kufinya, hata kumtisha na jini au polisi. Oman ina Sheria ya Mtoto tangu 2014, Falme za Kiarabu wana yao ya 2016 iitwayo ya Wadeema, na nyumba nyingi zina kamera ukumbini na chumba cha watoto. Baba yake akimpiga, watu wanaweza kusema ni habari ya familia. Wewe ukimpiga ni kesi. Lakini zaidi ya sheria, mtoto anayemzaba mtu kofi na akajibiwa kwa kofi amefundishwa kwamba mkubwa ndiye mwenye haki ya kupiga.

Fanya hivi. Ushike mkono wake kabla hajarudia, bila kuubana. Chuchumaa macho yenu yakutane. Sema kwa sauti ya chini maneno machache tu: “La. Yaawir.” Hapana, inauma. Msogeze hatua mbili, umgeuzie mgongo, usafishe zulia. Asipewe chakula kingine mpaka muda wa kitafunio, na usimbembeleze. Akitulia, mpe kijiko akusaidie kuokota punje za wali. Usidai aombe msamaha kwa kulazimishwa.

Jioni mweleze mama yake bila kumshtaki mtu: “Alikula chipsi 16:30, kwa hiyo 17:00 hakuwa na njaa. Alinipiga usoni. Nilimwambia hapana. Naomba na wewe umwambie.” Sentensi ya mwisho usiiache. Mtoto anajua vizuri nani mwenye nguvu nyumbani, na kama wazazi wanacheka unapopigwa, kofi la kesho litakuwa kubwa zaidi. Una haki ya kuomba wasicheke.

Mchanga asiyenyamaza ni jambo jingine. Saa tisa usiku, umechoka, analia bila sababu unayoijua. Usimtikise kamwe, maana ubongo wa mtoto mchanga huumia kwa kutikiswa na anaweza kufa. Mlaze chali kitandani kwake, toka, funga mlango, pumua, osha uso, kisha rudi. Akilia dakika tano mahali salama hadhuriki. Ukiona hasira haishuki, kamgongee madam.

Hatua ya 6: Hatari, kataa

Hapa ndipo heshima ya kawaida inapogeuka kuwa kosa. Dada anayesema “ndiyo madam” kwa kila kitu siku moja atasema ndiyo kwa jambo litakaloua mtoto.

La kwanza ni bwawa. Wikendi familia inakwenda shambani au kwenye jumba lenye bwawa, watoto wanaruka majini, na wewe unaambiwa uwaangalie huku unageuza mishikaki na kupeleka chai. Mtoto anayezama hapigi kelele. Anaenda chini kimya wakati watu wazima wako hatua chache wakicheka. Sema: “Madam, siwezi kuangalia bwawa na kupika kwa wakati mmoja. Chagua moja, nitaifanya.” Kama hujui kuogelea, sema tangu siku ya kwanza, na usikubali kuwa mlinzi pekee wa majini.

La pili ni gari. Muscat joto la kiangazi hupita nyuzi 40 kivulini, na ndani ya gari lililozimwa hupanda kwa dakika chache tu. Usikae na mtoto kwenye gari lililozimwa, usimwache ndani hata kwa kuingia dukani mara moja, na wakishuka wengi hesabu vichwa. Kwenye safari, mtoto kwenye kiti chake. Falme za Kiarabu kiti ni lazima kwa mtoto hadi miaka minne, na kumpakata kiti cha mbele si kumpenda.

Halafu mambo ya bibi. Bibi amelea watoto wanane na wote wapo hai, kwa hiyo ukimwambia kitu atakuuliza wewe umelea wangapi. Anaweza kumlambisha mtoto wa miezi mitano asali ili alale, kumlaza kifudifudi, au kumpaka wanja wa kienyeji machoni. Asali kabla ya mwaka mmoja inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayopooza mwili wa mchanga. Kulala kifudifudi kunaongeza hatari ya kufa usingizini. Wanja mwingine una risasi. Usibishane naye mbele ya watu. Mwambie mama wa mtoto faraghani, na umwombe amuulize daktari kliniki bibi akiwepo. Neno la daktari bibi atalipokea; lako hatalipokea, na usiumie kwa hilo. Wakati huo wewe mwenyewe usimlambishe asali hata ukiagizwa.

Karanga nzima, zabibu nzima na tende yenye kokwa asipewe mtoto mdogo. Zabibu zipasue kwa urefu. Homa ya nyuzi 38 kwa mtoto chini ya miezi mitatu ni ya hospitali wakati huo huo, hata kama madam yuko harusini. Mpigie mpaka apokee, akikosekana mpigie baba, na wote wakikosekana piga dharura.

Hatua ya 7: Mtoto anapokupenda kuliko mama yake

Hili linaumiza pande zote, na halina kosa la mtu. Mtoto anampenda anayemwona. Mama yake anarudi kazini saa kumi na moja jioni, ananyoosha mikono, mtoto anajificha nyuma ya gauni lako. Angalia uso wa madam wakati huo. Yale maneno makali ya dakika kumi baadaye kuhusu sufuria hayana uhusiano na sufuria.

Madam akiingia, mpe mtoto mikononi, kisha toka chumbani. Usibaki pale ukitabasamu. Akilia kukutafuta, usirudi mpaka uitwe. Akikuita mama, mjibu kwa jina lako: “Mimi ni Zuhura. Mama yuko pale.” Mpikie uji, lakini madam aulishe. Ukiona mtoto amepiga hatua ya kwanza mchana, mwambie madam, “Leo anajaribu kusimama, kaa naye baada ya chai.” Mwache aione mwenyewe. Siku yake ya kuzaliwa, wewe kaa nje ya picha.

Na wewe pia una wako. Umewaacha Tanga au Kisii kwa mama yako au dada yako, na kila Ijumaa unatoa maagizo kwa simu: asichezee barabarani, asinyolewe hivyo, mbona amekonda. Unajua inavyouma kuona mtoto wako anamkimbilia mtu mwingine. Omba muda maalumu wa kupiga simu nyumbani na uuombe uandikwe. Usipige video ukiwa umempakata mtoto wa bosi, mwanao anakuangalia.

Hatua ya 8: Dini, dawa na picha

Haya matatu yamewapeleka wadada polisi, kwa hiyo nitasema kwa kifupi na kwa ukali.

Kama wewe ni Mkristo, sali chumbani kwako na usimfundishe mtoto wimbo wa kanisani, hata wa kuhesabu. Kama ni Mwislamu, usimsahihishe madam kuhusu swala mbele ya wanawe.

Usibebe hirizi, mizizi, mafuta yasiyo na lebo wala unga wa mganga. Usiweke nywele au nguo ya mtoto kwenye begi lako kwa kumbukumbu. Nchi za Ghuba zinashitaki uchawi, na kitambaa kilichofungwa fundo kikionekana chini ya godoro, kujieleza ni kazi ngumu mno.

Picha ya mtoto isiingie kwenye status wala TikTok. Oman ina sheria ya makosa ya mtandao tangu 2011 na Falme za Kiarabu wana ya 2021, na zote zinaadhibu kurusha picha ya mtu bila ridhaa yake.

Hatua ya 9: Omba kikao, usisubiri mlipuko

Kila mwezi, ukipokea mshahara, omba dakika kumi. Anza na habari njema ya mtoto. Kisha leta jambo moja tu, lenye mfano na ombi. “Wiki hii nimeamka na mtoto kila usiku. Naomba Ijumaa na Jumamosi usiku alale na wewe.” Usilete orodha ya miezi sita, na usilete akiwa na wageni au anatoka mlangoni. Akikukaripia, nyamaza mpaka amalize, halafu rudia ombi lako kwa maneno yale yale.

Neno kwa mama mwenye nyumba, kwa sababu najua wapo wanaosoma Kiswahili Muscat na Dubai, na Nairobi na Masaki pia. Usimgombeze dada mbele ya mtoto. Ukifanya hivyo asubuhi, mchana mtoto hatamsikia akimwambia atoke kwenye tundu la umeme. Umempa mwanao, basi mpe na kauli ya kumlinda, usingizi wa kumwezesha kuwa macho, na pasipoti yake mkononi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) Na. 189 wa 2011 unasema mfanyakazi wa nyumbani ashike hati zake mwenyewe.

Hatua ya 10: Yakishindikana, ondoka kwa utaratibu

Ukipigwa, ukinyimwa chakula au mshahara, au ukiguswa na mwanamume wa nyumba, hilo limetoka kwenye malezi na halisubiri kikao. Nenda polisi au ubalozini. Kama ni kutoelewana tu, mjulishe wakala kwa maandishi na omba kuhamishwa. Usitoroke usiku watoto wakiwa peke yao: utaripotiwa kuwa mtoro, na kitu kikimpata mtoto utaandamwa wewe.

Mtoto naye aambiwe. Siku chache kabla, muombe madam amwambie mbele yako kwamba Zuhura anarudi kwao, na kwamba hajakosa kitu. Muage mchana, akiwa macho.

Kisha shughulikia yako. Mshahara wa mwisho na wa likizo upokee kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Karatasi ya Kiarabu usiyoielewa ipige picha, umtumie mtu akusomee, ndipo usaini. Omba barua yenye umri wa watoto uliowalea na muda uliokaa nao. Kwa nyumba inayofuata ina thamani kuliko sifa za wakala. Daftari lako lipige picha kurasa zote kabla hujaliacha.